Baraza la Mawe Mteremkoni, na Jirani wa Chini

Kigoma mtu hapewi uwanja wa tambarare, anautengeneza mwenyewe. Mji umepanda vilima vinavyoshuka hadi Ziwa Tanganyika, na tangu reli ya kati ilipofika hapa mwaka 1914 makazi yamekuwa yakikwea kutoka bandarini na stesheni, kiasi kwamba viwanja vingi vina upande wa juu na upande wa chini, na kila mwenye nyumba anajua vizuri nani anaishi juu yake na nani anaishi chini yake. Nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Mwanga hapa mjini, ardhi inashuka sentimita 80 ndani ya mita 4 tu. Hapo ndipo tulipojenga baraza la mawe lenye upana wa mita 4 na urefu wa mita 5, mahali pa kuweka viti, meza na jiko la mkaa, na pa kuchomea migebuka, samaki wa ziwa letu, jioni. Naandika kwa kirefu kwa sababu kazi ya namna hii mjini kwetu hufanywa kwa haraka mno, na anayelipa gharama ya haraka hiyo mara nyingi si mwenye baraza bali ni yule aliye chini yake.

Njia iliyozoeleka ni rahisi kueleza. Kilima kinakatwa kwa sururu, udongo unasukumwa mbele mpaka upatikane uwanja, ukingo unazuiwa kwa tofali za saruji zilizopangwa mstari mmoja, kisha juu yake linamwagwa zege jembamba. Kiangazi chote uwanja huo unapendeza. Mvua zinapoanza, kwa kawaida mwezi Oktoba au Novemba, udongo uliosukumwa unalowa, unakuwa mzito, unashuka, zege linapasuka katikati kwa mstari ulionyooka sawasawa na mpaka kati ya ardhi iliyokatwa na ardhi iliyojazwa, na ukuta wa tofali unaanza kutoa tumbo. Nimewahi kuona ukuta wa namna hiyo, uliojengwa bila tundu hata moja la kutolea maji, umelala wote chini asubuhi baada ya mvua ya usiku, na udongo uliokuwa nyuma yake umefika hadi kwenye mlango wa jiko la nyumba ya chini. Hakuna aliyeumia. Lakini mama mwenye jiko lile alitumia siku nzima kutoa matope ya mtu mwingine, na nadhani hilo peke yake lingetosha kutufanya tufikirie upya jinsi tunavyojenga.

Jambo la kwanza tuliloamua ni mahali pa kuliweka baraza. Wengi wetu tunapenda baraza liungane na mlango wa nyuma, mtu atoke tu na kukaa. Kwenye ardhi inayoshuka kutoka nyumbani, uamuzi huo una maana kwamba eneo lote litainuliwa kwa kifusi mpaka kimo cha kizingiti, ukuta wa mbele utazidi mita 1, na udongo utaegemea ukuta wa nyumba na kuulisha unyevu mwaka mzima. Ukuta unaozuia udongo ukishavuka mita 1 si kazi ya kukisia tena. Unahitaji mhandisi, nondo na msingi wa zege. Kwa hiyo tulilishusha baraza mita chache chini ya nyumba, mahali ambapo lingeweza kukaa kwenye ardhi yenyewe, na tukakubali kujenga ngazi za kulifikia. Ngazi za nje ni vizuri ziwe na kimo cha sentimita 15 hadi 17 na upana wa kukanyagia usiopungua sentimita 30, ili mtu aliyebeba sinia au ndoo ya maji asitafute mguu pa kuuweka.

Vipimo vilichukuliwa kwa kamba, vigingi na mpira wa maji. Wapo wanaodhani kwamba kazi ya kusawazisha ardhi inahitaji mashine ya wapimaji, lakini mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji bila kubakiza viputo vya hewa, hausemi uongo: maji ya ncha moja yatasimama usawa uleule na maji ya ncha nyingine, hata kama kati yao kuna mti, kona ya nyumba au mita 20 za mteremko. Fundi wetu, mzee wa makamo kutoka Kasulu, alishika ncha moja kwenye kigingi cha juu na kijana wake akashika nyingine kwenye kigingi cha chini, wakasubiri maji yatulie kabisa, ndipo kila mmoja akachora alama kwa penseli. Pimamaji ya kawaida ni nzuri kwa jiwe moja au mawili, lakini ukiihamisha hamisha kwa mita 5, kosa dogo la kila mara linajikusanya. Pembe nazo zilipimwa kwa kanuni ya 3, 4, 5 ambayo kila fundi anaijua: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande mwingine, na ikiwa kamba ya kukatisha inasoma mita 5 kamili, pembe hiyo ni mraba.

Baada ya vipimo ndipo yakaja mazungumzo marefu kuliko yote, juu ya kimo cha sakafu. Fundi alitaka tuweke sakafu juu zaidi, tukate kidogo na kujaza sana, kwa sababu kuchimba kilima wakati wa kiangazi ni kazi ya jasho na udongo unaobaki hauna pa kwenda. Mimi nilitaka kinyume chake.

"Mama, ukikata sana hivyo, udongo wote huu utaupeleka wapi?" aliniuliza.

"Tutaupandisha juu, mzee. Hautashuka chini hata toroli moja."

Alinyamaza kidogo, akatazama mteremko, kisha akasema kwamba kwa namna hiyo saidia fundi waongezwe, na mimi nikakubali, kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Hesabu yenyewe ni hii. Tuliweka uso wa sakafu sawa na kimo cha ardhi ya katikati, kwa hiyo upande wa juu kilima kinazidi sakafu kwa sentimita 40 na upande wa chini sakafu inaizidi ardhi kwa sentimita 40. Lakini chini ya uso wa sakafu kuna jiwe lenyewe, kuna mchanga, na kuna tabaka la moramu, yaani udongo wenye changarawe, na kokoto, jumla sentimita 20. Maana yake ni kwamba shimo la upande wa juu lilichimbwa kina cha sentimita 60, likaendelea kupungua hadi sifuri kwenye mita ya 3, na kifusi cha udongo kilihitajika kwenye mita 1 ya mwisho tu, tena kisichozidi sentimita 20 pale kilipo kirefu. Robo tatu ya baraza letu imelala juu ya udongo ambao haujawahi kuguswa na jembe, ulioshindiliwa na mvua na uzito wake wenyewe tangu kilima kiwe kilima. Ardhi ya namna hiyo haishuki. Kifusi, hata kikipigwa vipi, hubaki na tabia ya kutaka kushuka, na ndiyo maana nakihesabu kama deni: kadiri unavyokikopa kidogo ndivyo unavyolala vizuri wakati wa masika.

Gharama ya uamuzi huo ni udongo uliobaki, mita za ujazo zipatazo 4 zikiwa bado ardhini, ambazo zikishachimbwa hufura na kuwa kama 5. Kwanza tuliondoa tabaka la juu, lile jeusi lenye mizizi, tukaliweka peke yake, kwa sababu halifai kabisa kujengea lakini ndilo chakula cha bustani. Udongo mwekundu wa chini yake ulipandishwa kwa ndoo na toroli hadi juu ya nyumba, ukapangwa kuwa matuta yanayokatisha mteremko, na ule mweusi ukatandazwa juu yake. Sasa pana mchicha, matembele na mihogo. Kupandisha udongo kilimani ni kazi inayowashangaza wapita njia, kwa kuwa mkono wa kila mtu unataka kuusukuma kuelekea kwenye korongo, na korongo linaupokea kweli, na mvua ya kwanza inaufikisha ziwani. Watafiti wa Ziwa Tanganyika wamekuwa wakionya tangu miaka ya 1990 kwamba udongo unaooshwa kutoka kwenye vilima vilivyokatwa miti na kujengwa ovyo huifunika miamba ya kandokando ya ziwa, mahali panapoishi samaki wadogo wa jamii ya perege ambao wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Mita 4 za ujazo ni kitu kidogo mbele ya ziwa lenye kina kinachofikia mita 1,470. Ila vilima vya Kigoma vina nyumba nyingi, na kila nyumba ina nyuma yake.

Siku zile za kuchimba ndipo jirani wa chini alipokuja. Alisimama kwenye mpaka, akatusalimu sote, akampa fundi pole ya kazi, kisha akaniambia kwa utaratibu, "Jirani, mnafanya vizuri. Lakini nilitaka kuuliza, maji yenu ya mwaka huu yatapita wapi?" Lilikuwa swali la haki, na nilifurahi kwamba aliliuliza kabla ya mawe kuwekwa. Nilimwomba aingie tuangalie pamoja. Alituonyesha mahali ambapo kila mwaka maji hukata njia, karibu na mchikichi wake, na mahali ambapo ukuta wa choo chake umeanza kuliwa kwenye msingi. Hakuna ramani ambayo ingetuambia hayo. Mtu anayeishi chini ya mteremko ameyatazama maji ya kilima chako kwa miaka mingi kuliko wewe, kwa sababu wewe wakati wa mvua uko ndani na yeye yuko nje na jembe.

Milimita 1 ya mvua juu ya mita ya mraba 1 ni lita 1 ya maji. Kwa hiyo mvua moja nzito ya milimita 50, ambayo Kigoma si ajabu katika miezi ya mvua, inashusha lita 1,000 kwenye baraza la mita za mraba 20, na kama paa la nyumba lina mita za mraba 100, linaongeza lita 5,000 pale pale. Kabla ya ujenzi, sehemu ya maji hayo ilinywewa na udongo na majani. Baada ya kutandika mawe, yanatafuta njia kwa kasi zaidi. Ndiyo sababu sakafu ya baraza haipaswi kuwa tambarare kwa asilimia mia. Inaonekana tambarare, kikombe kinatulia juu ya meza, lakini ina mwinamo wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Kawaida mwinamo huo huelekezwa mbele, maji yaruke ukuta na kwenda zake. Baada ya kuzungumza na jirani tuliugeuza. Baraza letu linainama kwa ubavu, sentimita 1.5 kwa kila mita ya urefu wake, yaani sentimita 7.5 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na maji yote yanakusanyika kwenye mfereji mwembamba wa mawe unaoyapeleka upande wa migomba, ambako tulichimba shimo la kunyonya maji na kulijaza mawe makubwa chini na kokoto juu. Yakizidi uwezo wa shimo, yanafuata mtaro uliokubaliwa na pande zote mbili, mbali na choo na mbali na mchikichi.

Ukuta ndio uliochukua muda na akili kuliko kitu kingine. Tulijenga kuta mbili, wa chini unaobeba ukingo wa baraza na wa juu unaozuia kilima, zote mbili kwa mawe makavu bila saruji. Wapo waliotushauri tuchanganye saruji ili "ukuta ushikane", na ushauri huo ulitolewa kwa nia njema, lakini unasahau kitu kinachouangusha ukuta. Udongo mkavu unausukuma ukuta kwa kiasi. Maji yanausukuma zaidi. Maji yakijaa nyuma ya ukuta wenye kimo cha mita 1, yanausukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 500 kwenye kila mita moja ya urefu wake, kabla hujaongeza msukumo wa udongo wenyewe, na kimo kikiongezeka mara mbili, msukumo huo unaongezeka mara nne. Ukuta wa saruji usio na matundu unayafungia maji hayo na kuyangoja yaushinde. Ukuta wa mawe makavu una matundu mwili mzima. Maji yanapita, udongo unabaki, na hakuna mgogoro kati yao.

Ujuzi huu si mgeni katika ardhi yetu. Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa katika mkoa wa Arusha, yapo mabaki ya mashamba yaliyogawanywa kwa mawe makavu na mifereji ya kumwagilia, kazi ya wakulima walioishi pale kati ya karne ya 15 na ya 18. Thimlich Ohinga, kule Migori nchini Kenya, zimesimama kuta za mawe makavu zinazomzidi mtu kimo, na UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Watu hao hawakuwa na saruji, na hawakuihitaji. Sisi wa Kigoma tuna sababu moja zaidi: tunaishi ndani ya Bonde la Ufa, na ardhi hutikisika. Tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005, lenye ukubwa wa 6.8, lilianzia eneo la ziwa hili hili. Ukuta mfupi wa mawe makavu ukitikiswa husogea kidogo na kukaa tena. Wa saruji hupasuka na kubaki umepasuka.

Namna ya kuupanga ina masharti machache ambayo hayavumilii uvivu. Mfereji wa msingi unachimbwa hadi udongo mgumu, na safu ya kwanza ya mawe, yale makubwa kuliko yote, inazikwa yote chini ya ardhi, kwetu sentimita 20, ili ukuta usiteleze kwa mguu. Upana wa chini usipungue nusu ya kimo chote. Ukuta wetu wa sentimita 60, tukihesabu na sehemu iliyozikwa, una kitako cha sentimita 40. Kila jiwe likae juu ya mawili, na kila kiungo kifunikwe na jiwe la safu inayofuata, kwa sababu kiungo kinachopanda moja kwa moja kutoka chini hadi juu ndicho ufa wa kesho. Kila baada ya hatua moja hivi linawekwa jiwe refu linaloingia ndani hadi kwenye kilima, lishikilie uso na mgongo. Ukuta wote unaegemea kilima, sentimita 1 nyuma kwa kila sentimita 6 za kwenda juu. Na nyuma yake, badala ya udongo, zinashindiliwa kokoto upana wa sentimita 30, ili maji yanayofika hapo yashuke upesi bila kubeba udongo.

Nilimtazama fundi kwa saa nyingi akichagua mawe, na hapo ndipo nilipoona tofauti ya mtu anayejua. Alikuwa hachukui jiwe na kutafuta mahali pa kuliweka. Aliitazama kwanza nafasi iliyo wazi, akaipapasa kwa vidole kwenye kona, akageuka kwenye rundo na kwenda moja kwa moja kwenye jiwe moja, akalipindua mara moja, akaliweka. Kisha aliweka kiganja juu yake na kulisukuma huku na huku. Likicheza hata kidogo, alilitoa, akaondoa kijiwe kilicholiinua au akagonga kipembe kwa nyundo, akalirudisha, akalisukuma tena. Hakuziba nafasi kwa vijiwe kutoka mbele, jambo ambalo mafundi wengi hufanya ili uso upendeze. Vijiwe vyake vyote vilipigwa kutoka nyuma, kwa sababu kijiwe cha mbele hutoka na mvua lakini cha nyuma hubanwa zaidi na uzito.

Mawe tuliyotumia ni ya vilima hivi hivi. Sehemu kubwa ya miamba ya Kigoma ni mawe ya mchanga na kwazaiti, yaani mchanga wa zamani sana uliogandamizwa hadi ukawa mgumu kuliko saruji yoyote, wenye rangi kati ya wekundu na kahawia. Sifa yake njema ni kwamba baadhi hupasuka kwa matabaka, na fundi mwenye tindo na subira hupata mawe bapa yenye uso mzuri. Kwa sakafu tulichagua yenye unene wa sentimita 5, kwa sababu membamba kuliko hapo huvunjika mguu wa meza ukiyaelemea. Mita za mraba 20 za mawe ya unene huo zina uzito wa zaidi ya tani 2.5, na mtu anayepanga bajeti asisahau kwamba uzito huo unabebwa na mabega ya watu mara gari linapoishia barabarani. Kokoto tulinunua kwa akina mama wanaoziponda kwa nyundo kandokando ya barabara. Saruji hatukununua hata mfuko mmoja. Katika mji ambao kila mfuko umesafiri mbali kabla ya kufika dukani, hilo si jambo dogo kwa mfuko wa mwenye nyumba.

Chini ya mawe ndiko kulikobebwa kila kitu. Udongo wa kifusi kwenye ile mita ya mwisho uliwekwa kwa matabaka yasiyozidi sentimita 10, kila tabaka likashindiliwa peke yake kwa gogo zito lenye mipini miwili. Wakati wa kiangazi udongo ni mkavu mno, na udongo mkavu haushindiliki, unaruka tu na kutoa vumbi. Uliolowa kupita kiasi nao unabonyea na kurudi. Kipimo cha fundi kilikuwa mkono wake. Alinyunyiza maji, akachota udongo, akaufumbata: ukishikana na kubaki na alama za vidole bila kulowesha kiganja, na ukiangushwa ukavunjika vipande vichache badala ya kusambaratika au kubondeka, uko tayari. Juu ya udongo likaja tabaka la moramu na kokoto, sentimita 12, likishindiliwa kwa awamu mbili mpaka kisigino cha kiatu kisiache alama. Juu yake mchanga wa sentimita 3, uliosawazishwa kwa ubao unaotelezeshwa juu ya mabomba mawili yaliyolazwa kufuata mwinamo. Mchanga wenyewe ni wa mto, wenye chembe kubwa na kali zinazong'ang'aniana. Ule laini wa ufukweni haufai kwa kazi hii, na ufukwe unauhitaji kuliko sisi.

Kupanga mawe ya sakafu, ukilinganisha na yote hayo, kulikwenda haraka na kwa furaha. Makubwa yaliwekwa pembezoni, ambako uzito wao huzuia ukingo usitawanyike, na mapana kuliko yote yalifunika kichwa cha ukuta wa chini. Nafasi kati ya jiwe na jiwe zilijazwa mchanga mkavu uliochanganywa na unga wa mawe, ukafagiliwa ndani, ukamwagiwa maji kidogo, ukafagiliwa tena. Ukuta wa juu, kwa kuwa una kimo cha sentimita 40 kutoka sakafuni, umekuwa mahali pa kukaa. Watoto wameupenda kuliko viti. Nyuma yake, sehemu ya juu zaidi, tulichimba mfereji unaokatisha mteremko ili maji ya kilima yageuzwe kabla hayajafika kwenye ukuta, na chini ya ukuta wa mbele tulipanda vetiva, majani ambayo mizizi yake hushuka wima mita 2 hadi 3 na kuushika udongo.

Kabla fundi hajaondoka tulimwaga ndoo za maji kwenye kona ya juu ya baraza na kuyatazama yanakokwenda. Maji yalitandaa, yakasita kwenye jiwe moja lililokuwa na kibonde, yakalizunguka, yakaingia kwenye mfereji. Lile jiwe lilitolewa, likaongezewa mchanga chini, likarudishwa. Ni jaribio la dakika chache ambalo ningemsihi kila mtu alifanye akiwa bado na fundi na mchanga pale pale, kwa sababu jiwe lililokaa vibaya wiki ya kwanza ni kazi ya mkono mmoja, na baada ya mwaka ni kazi ya siku.

Mvua za msimu wa kwanza zilifanya zile kazi zinazotarajiwa: mchanga wa kwenye viungo ulishuka kidogo ukaongezwa, mawe mawili karibu na ukingo wa chini, juu ya ile mita ya kifusi, yalishuka kiasi cha unene wa kidole yakainuliwa, na kamba iliyonyooshwa mbele ya ukuta haikuonyesha tumbo. Shimo la kunyonya maji lilijaa mara chache na mtaro ukapokea yaliyobaki. Jirani alinipigia simu katikati ya mvua moja kubwa akiwa amesimama mlangoni kwake, akaniambia maji yanapita tulipokubaliana na kwamba karibu na choo pamekauka. Mawe yaliyobaki tumemshushia yeye. Anataka kujenga ukuta mfupi chini ya mchikichi, kimo cha sentimita 50 hivi, na fundi amekwisha kumwambia atafute kwanza mawe makubwa ya kuzika, na aende akazungumze na mwenye nyumba inayofuata chini yake. Mpira wa maji atauchukua kwangu kiangazi kikianza.